Nani Ashike Pasipoti ya Ramani?

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetukanwa. Si kwa maneno. Kwa tabasamu, tena na rafiki yangu mwenyewe, akiwa amekalia kiti changu cha kazini na kunywa chai yangu.

Ramani amekuja karakana kwangu, pale sokoni, saa nne. (Jina la Ramani nilimpa mimi, mwaka wa kwanza, alipotuzungusha saa tatu kutafuta stesheni ambayo tulikuwa tumesimama nyuma yake.) Nilikuwa nimelala chali chini ya mizani ya mwenye duka la saruji, bisibisi mdomoni. Amesema ana habari njema. Papo hapo nikajua ni mbaya. Habari njema za Ramani nazifahamu. Alikuwa nayo moja siku tulipofika bandarini na kukuta meli imekwenda na masanduku yetu.

Habari yenyewe: safari ya mwaka huu, ya tarehe kumi na tatu, tutakuwa watatu.

Watatu! Miaka thelathini na moja tumesafiri wawili. Safari ishirini na saba. Vumbi la jangwa tumelila wawili, barafu imetutetemesha wawili, na kwenye makumbusho tumefukuzwa wawili, ingawa aliyegusa ni yeye. Sasa watatu. Na wa tatu ni nani? Daktari wa meno! Jirani yake mpya, mwanamume wa miaka hamsini, meno meupe kama vigae vya msalani.

Nimeuliza kwa utulivu sababu. Ramani amesema daktari anajua lugha nne. Nimesema sisi tumezunguka dunia kwa ishara za mikono na hatujafa. Amekubali, lakini akanikumbusha kwamba tuliwahi kuagiza supu tukaletewa kinyozi. Hilo lilitokea mara moja tu.

Nimeamua kutomwambia mke wangu. Nimemwambia. Amesema safari ni watu, na kwamba angalau sasa patakuwa na mtu ambaye hajazisikia hadithi zangu. Huyu ni mke niliyemuoa kwa hiari yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mabaya zaidi. Niandike taratibu nisije nikavunja kalamu.

Mimi na Ramani tulikutana mpakani, kwenye kibanda chenye feni mbovu. Hatukujuana. Afisa alirudisha pasipoti akazichanganya: mimi nikaondoka na yake, yeye akaondoka na yangu. Nikagundua kesho yake, nikiwa mji mwingine. Tulitafutana siku mbili. Tulipoonana hatimaye, mbele ya posta, kila mmoja alikuwa ameifunga pasipoti ya mwenzake kifuani kwa kitambaa. Yangu mwenyewe nilizoea kuitia mfuko wa nyuma na kuikalia! Yeye yake aliwahi kuiacha kwa muuza magazeti. Tukakubaliana palepale kwamba mtu hutunza cha mwenzake kuliko chake. Tangu siku hiyo pasipoti ya Ramani hukaa kwangu na yangu hukaa kwake, mwaka mzima, hata kama hatuendi popote. Haijapotea hata moja. Tena, hakuna anayeweza kusafiri bila mwenzake. Hilo hatujawahi kulisema kwa mdomo, lakini ndilo ninalolipenda zaidi.

Leo Ramani amepanga upya. Kwa kuwa tuko watatu, pasipoti zizunguke: mimi nibaki na yake, yeye ashike ya daktari, daktari ashike yangu. Na ameshampelekea! Bila kuniuliza! Pasipoti yangu sasa imo ndani ya droo ya kliniki, katikati ya meno ya bandia ya watu nisiowajua.

Nimepita huko kuhakikisha. Daktari amenipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mzee!" Mzee! Ramani yeye anaitwa kaka. Ramani amenizidi miaka miwili! Daktari ameniomba nifungue mdomo kidogo tu. Nimetoka na mswaki wa bure na miadi ya Ijumaa. Sitakwenda.

Mtu huyu hapandi ndege nasi. Nimepiga moyo konde.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza: kumtisha. Nimemwalika daktari nyumbani kwa chai. Nimemweleza ukweli wa safari zetu, nikitia chumvi pale tu ilipopungua. Kunguni. Basi lililokatika breki mlimani. Kituo cha treni tulichokwama siku mbili, tukilala juu ya magunia ya vitunguu. Habari ya tumbo langu katika mji wa mifereji, ambayo hata humu siiandiki. Mkoromo wa Ramani, ambao uliwahi kumfanya meneja wa hoteli aite fundi bomba.

Daktari alisikiliza macho yamemtoka. Nikajua ameiva. Kisha akatoa daftari. Akaomba nirudie habari ya magunia, polepole, asikose kitu. Amesema kwa miaka ishirini na mitano dunia yake imekuwa ndani ya vinywa vya watu, na hajawahi kulala juu ya kitunguu hata siku moja. Machozi yalimlengalenga. Akanishukuru kwa kumkubali. Mke wangu akamfungia mkate aende nao.

Alipoondoka, mke wangu amesema ni mtu mzuri. Nimesema hakuna aliyeulizwa. Amesema mwanamume mwenye wivu wa rafiki ni taabu kuliko mwenye wivu wa mke, maana wa mke angalau anajua anachokitafuta. Nimechukua kofia yangu nikaenda kazini. Saa kumi na moja jioni! Soko linafungwa! Nimezunguka mtaa mara mbili nikarudi.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu. Mimi ni fundi mizani. Nitamshinda kwa kilo.

Kila safari tunapima mizigo karakana kwangu, kwenye mizani kubwa ya sakafuni, tusije tukaaibika uwanja wa ndege. Asubuhi nimelegeza skrubu moja na kupachika kipande cha risasi. Mizani ikaanza kudanganya kwa kilo nane. Miaka arobaini kazini sijawahi kufanya jambo kama hili. 

Lengo: daktari aone mzigo umezidi, apunguze, apunguze tena, aone safari ni adha, abaki kwao. Amefika saa nane na sanduku la magurudumu manne, linamfuata lenyewe kama mbwa. Kilo thelathini na moja, mizani ikasema. Ameshangaa. Amesema nyumbani ilikuwa ishirini na tatu. Nimemjibu kwamba mizani za nyumbani ni za unga. Basi akafungua, akatoa viatu, vitabu, na mkoba wa vifaa vya kung'olea meno, ambao sijui alitaka kumng'oa nani. Hakunung'unika. Alikuwa akipiga mluzi!

Halafu Ramani akapandisha lake. Hilo sikuwa nimelifikiria. Likazidi. Ramani akapiga magoti sakafuni akaanza kutoa: koti la baridi, dawa za presha, birika letu dogo. Birika! Nimemwambia aache, huenda mizani imechoka. Ramani akasema mizani yangu haijawahi kukosea, na kwamba yeye anaiamini kuliko macho yake mwenyewe. Amelisema hilo kwa sauti, mbele ya afisa wa vipimo, aliyekuwa amesimama mlangoni na mawe yake ya kupimia. Ukaguzi wa mwaka. Nilisahau kabisa!

Afisa ameweka jiwe la kilo ishirini. Mizani ikasema ishirini na nane. Amenitazama muda mrefu. "Fundi. Hata wewe?" Amesema atarudi Jumatatu. Daktari amenitetea, eti mzee amefanya kazi kupita kiasi. Nisaidieni jamani, natetewa na daktari wa meno.

Jumamosi, 8 Machi

Mizani nimeirekebisha. Mpango wa tatu ulikuwa kabatini kwangu siku zote.

Likizo ya daktari ni wiki mbili tu, kuanzia hiyo tarehe kumi na tatu. Ikimpita, hana nyingine hadi mwakani. Kwa hiyo pasipoti ya Ramani ipotee. Kidogo tu. Safari iahirishwe, daktari arudi kwenye magego yake, halafu mwezi ujao pasipoti ionekane na tusafiri wawili kama Mungu alivyopanga. Hakuna anayeumia.

Pa kuificha? Nyumbani haiwezekani. Mke wangu huifahamu kila pembe. Alizipata hata sigara nilizokuwa nimeacha kuvuta. Lakini mizani hagusi, tangu ile ndogo ilipomtajia uzito wake mbele ya dada yake. Nimefungua kitako cha mizani kubwa nikaiweka humo, nimeifunga kwa nailoni, mahali isipogusa mkono wala springi. Kwanza nimeipima. Gramu thelathini na nane. Picha ya Ramani ilikuwa ikinikodolea macho, nikaigeuza.

Saa tisa nimekwenda kwake na uso wa msiba. Nimesema imepotea. Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu. Nilikuwa na majibu manne ya ghadhabu. Ramani akanikalisha, akaniletea maji, akanisugua mgongo. Amesema pole ndugu yangu, najua inavyokuuma, kwa miaka yote hii hujawahi kupoteza hata kifuniko chake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi nimeambiwa mara sita, nimehesabu.

Kisha akasema tusiahirishe. Tiketi zimeshakatwa, hoteli inatusubiri. Yeye atabaki. Mimi na daktari twende.

Mimi na daktari! Wiki mbili! Wawili!

Nimekimbia karakana kuitoa. Soko limeshafungwa. Mlinzi amesema mpaka Jumatatu, hata kama nimesahau mtoto ndani.

Jumatatu, 10 Machi

Niliamka nimejipanga. Saa kumi na mbili soko likifunguliwa niwe mlangoni, niitoe, saa moja niwe kwa Ramani nikipiga kelele za furaha. Ningesema ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati. Watu huokota vitu nyuma ya kabati kila siku.

Saa kumi na moja na nusu mlango ukagongwa. Daktari! Ameamka mapema ili tuzungumze habari za chumba. Hoteli imetupa vitanda viwili, na alitaka kujua napenda upande wa dirisha au wa mlango. Nikasema wowote. Akasema hapana, mzee, chagua wewe. Nikasema dirisha. Akauliza je, upepo hautaniumiza shingo? Alikaa saa moja na robo.

Nimefika sokoni nikihema. Afisa wa vipimo alikuwa ameshafika kabla yangu, mlinzi amemfungulia, na mizani yangu ilikuwa juu ya mkokoteni, imepigwa lakiri. Amesema kwa yale ya Ijumaa hawezi kuikagua hapa. Inakwenda ofisini kwao kwa siku saba. Nimeushika mkokoteni. Mwenye mkokoteni akavuta, nami nikavutwa nao hadi kwenye maduka ya vyombo. Afisa akauliza nina nini. Nimesema naipenda. Jibu la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

Siku saba! Safari ni Alhamisi!

Jumanne, 11 Machi

Ofisi ya vipimo, saa mbili. Afisa ametoka. Karani amenipa fomu ya kuomba mizani ifunguliwe. Penye sababu nimeandika "za kifamilia". Karani ameisoma, akanitazama, akaisoma tena. Nirudi kesho.

Njiani nimepitia kwa Ramani nikidhani nitapata ujasiri wa kusema. Sikuupata. Ramani alikuwa mezani, miwani puani, anaandika. Nimeuliza nini. Amesema ni maelezo kwa daktari, namna ya kukaa nami. Kurasa mbili! Nimezisoma. Asisemeshwe kabla ya chai. Akisema anajua njia, mfuate, mkipotea usimcheke, yeye atajua. Sukari afichiwe. Na ndege ikianza kupaa anaogopa sana, ila hasemi. Muulize habari za mizani, muulize springi huchokaje, aeleze mpaka taa ya mkanda izimike.

Miaka thelathini na moja nilidhani Ramani anapenda tu habari za springi.

Nimetoka nje na kusimama karibu na pipa la taka. Nimelia. Ningeweza kuandika ni vumbi, lakini hii ni shajara yangu na hakuna wa kumdanganya humu. Sitaki kwenda popote bila yule mtu.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya aibu. Naandika yote.

Afisa amekata lakiri mbele ya makarani wawili, kama sheria inavyotaka. Nilimwambia mna kitu changu kidogo ndani. Akaingiza mkono, akatoa nailoni, akafungua. Akatazama picha. Akanitazama. Amesema huyu si wewe. Nimesema najua.

Hapo ndipo nilipoona mambo yanavyoonekana kwake: mizani iliyodanganya, ndani yake pasipoti ya mtu mwingine, na mimi nina tiketi ya kesho. Alifunga mlango. Nimejaribu kumweleza desturi yetu, kibanda cha mpakani, feni mbovu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoandika. Akaniuliza pasipoti yangu iko wapi. Nimesema kwa daktari wa meno. Akaanza ukurasa mpya.

Wakampigia mwenyewe simu. Ramani akaja, ameletwa na gari la daktari, bila shaka. Ikabidi niseme. Mbele ya wote. Nimesema niliificha ili daktari asiende nasi.

Karani mmoja akaguna. Daktari akainamia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza sikuyaona meno yale. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Ramani hakufoka. Amesema mwaka jana, nilipoanguka kwenye ngazi za nyumba ya wageni (niliteleza), alijaribu kuninyanyua akashindwa. Akajaribu tena, kiuno kikakataa. Akakaa nami pale saa nzima hadi akapita mtu. Amesema saa ile yote nilikuwa nikimsimulia mambo ya kuchekesha, naye alikuwa akiwaza atamwambia nini mke wangu. Akaapa moyoni hatasafiri tena nami bila mtu mwenye mgongo mzima. Alitafuta mtaa mzima. Daktari ndiye pekee aliyekuwa na nafasi na mgongo. Lugha nne zilikuwa nyongeza.

"Nilitaka tuendelee kwenda," amesema. "Sikutaka tuache."

Nimelia mdomo wazi, mbele ya makarani. Nimemshika mkono. Daktari nimemwomba radhi pia, kwa kifupi. Amesema hakuna neno, mzee, na akauliza kama gego la chini kushoto linanisumbua, maana aliliona nilipokuwa nalia.

Afisa ameandika onyo kali, na karakana ifungwe wiki mbili. Nimesema zinatosha kabisa.

Hukumu ya Ramani: pasipoti zote tatu atashika daktari. Mimi nisishike kitu, hata birika. Nimekubali. Mke wangu ameuliza kama nimejifunza. Nimemjibu, na naandika hapa kwa herufi kubwa, nikitia na sahihi: NIMEJIFUNZA.

Alhamisi, 13 Machi

Saa sita, ndani ya ndege. Ramani dirishani, mimi katikati, daktari kwenye njia. Ndege ilipoanza kupaa Ramani akaniuliza springi huchokaje. Nimemweleza kwa kirefu. Anajua kwamba najua, akauliza hivyo hivyo. Nilifurahi, niseme wazi. Sasa amelala begani kwangu, anakoroma, na abiria wa mbele wamegeuka mara mbili. Wavumilie.

Nimekuwa mwema kwa daktari. Nimempa karanga zangu.

Saa saba. Daktari amekwenda msalani. Ameuacha mkoba kwenye kiti! Mkoba wenye pasipoti zote! Mtu wa lugha nne! Nimeufungua kwa nia ya kuangalia tu. Ya Ramani imekunjwa pembe. Imebanwa chini, na juu yake ameweka uzi wa kusafishia meno. Moyo umeniuma. Nimeichukua. Si wizi, ni mazoea. Kifua changu kinaijua. Ila mfukoni wataiona. Chini ya kiti kuna kifuko cha jaketi la kuokolea. Hakuna anayekigusa mpaka ndege izame, na ikizama hakuna atakayeulizwa pasipoti. Nitaitoa kabla hatujatua.

Saa kumi. Foleni ya uhamiaji. Nilisinzia. Nimeamshwa abiria wote wameshashuka, daktari ameshabeba begi langu, Ramani ananihimiza, na hakuna aliyenipa hata dakika ya kufikiri. Ndege naiona dirishani. Wanaifagia.

Tumefika mbele. Daktari amefungua mkoba, akahesabu. Amehesabu tena. Amemwaga kila kitu kwenye kaunta. Anaomba msamaha kwa lugha nne, jasho linamtoka. Nimemwonea huruma, kweli kabisa, lakini mtu lazima aseme ukweli. Nimemwambia Ramani kwa upole kwamba haya ndiyo matokeo ya kuwapa watu wapya vitu vyako, na kwamba kwangu mimi pasipoti yake isingepotea kamwe.

Sijui kwa nini wote wawili wameacha kutafuta na kunigeukia mimi.